Pikipiki Moja, GPS Mbili

Pikipiki nyingi za mkopo zinazobeba abiria Dar es Salaam na Nairobi zina GPS mbili, na abiria huiona moja tu. Ya kwanza ni simu ya dereva. Imebanwa kwenye usukani kwa holda ya plastiki, au imefungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu, au imechomekwa ndani ya helmeti kati ya shavu na sponji. Ya pili imefichwa chini ya siti au nyuma ya tangi, ndani ya kiboksi cheusi kisichopitisha maji. Fundi aliyelipwa kwa kazi hiyo ameiunganisha na nyaya za pikipiki, na ndani yake mna laini ya simu na betri ya akiba, mtu asije akaizima kwa kukata waya. Ile ya kwanza humwonyesha dereva anakokwenda. Hii ya pili humwonyesha aliyetoa mkopo dereva aliko.

Anayetaka kujua nani anathaminiwa katika biashara ya bodaboda asisome mikataba. Aangalie vifaa hivyo viwili vilivyofungwa. Kinacholinda fedha za mkopeshaji kimefungwa kwa akili, kwa vifaa vinavyofaa, na mtu aliyejifunza kazi. Kinachoamua macho ya dereva yatazame wapi akiwa na abiria mgongoni kimeachwa kiwe shida yake mwenyewe, na suluhisho lake ni holda ya bei chee kutoka Kariakoo. Nadhani tumeyageuza mambo, na nitaeleza kwa nini, nikianzia kwenye simu yenyewe.

Ubishi wa vijiweni huanza na kifaa. Ninunue GPS maalumu ya pikipiki, au simu inatosha? Wenye pikipiki kubwa, wale wanaotoka Nairobi kuelekea Cape Town na maboksi ya alumini pembeni, wana jibu lao. Garmin ya Marekani inatengeneza aina iitwayo zūmo, na TomTom ya Uholanzi imewahi kuuza Rider. Zūmo XT ilipoingia sokoni mwaka 2020 iliuzwa dola 500 hivi, zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania. Kwa fedha hiyo ulipata kioo cha inchi 5.5 kinachosomeka kwenye jua la saa saba mchana, kinachotii kidole kilichovaa glovu, na mwili wenye kiwango cha IPX7, maana yake kinaweza kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa kisife. Ramani hukaa ndani ya kifaa chenyewe, na kwa upande wetu huu wa dunia zipo za Tracks4Africa, zinazoonyesha hata njia za vumbi ambazo magari hupita kwa nadra. Ni vifaa vizuri. Anayevuka Turkana peke yake ningemsihi asiende bila kimoja.

Kwa dereva wa bodaboda, hata hivyo, ni fedha ya kutupa. Ombi la safari linaingia kwenye simu, malipo yanaingia kwenye simu, mteja anapiga simu. GPS maalumu haiwezi kuyapokea hayo, kwa hiyo dereva atabaki na vioo viwili vya kuangalia badala ya kimoja. Simu itabaki pale pale usukanini. Swali lenye maana ni simu gani, na imefungwaje.

Jibu la kwanza litawaudhi wengi: simu yenye kamera kali ndiyo isiyofaa kabisa kwa kazi hii. Kamera za kisasa zina lenzi inayoelea, ikishikwa na sumaku ndogo ili picha isitikisike mkono unapotetemeka. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inaitikisa pikipiki nzima mara 100 kwa sekunde, na mtikisiko huo hupanda usukanini moja kwa moja. Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitoa onyo rasmi kwamba iPhone zikifungwa kwenye pikipiki zenye injini kubwa, mtikisiko unaweza kuharibu mfumo huo wa kamera. Kwa vyombo vidogo ilisema mtikisiko wake ni hafifu kiasi, ila bado ikashauri kuweka kizuia mtikisiko. Vijana wengi wameona picha zao zikianza kucheza kama maji wasijue chanzo, wakailaumu simu kuwa feki. Mwenye kuweza, na awe na simu ya pili ya kazi: ya kawaida, hata iliyotumika, yenye kioo kinachong'aa vya kutosha juani, betri nzima, na nafasi ya kuhifadhi ramani. Ile nzuri ikae mfukoni.

Nafasi ya ramani naisisitiza kwa sababu bado wapo wanaoamini kwamba GPS inakula bando. Haili. Setilaiti za GPS za Marekani, zaidi ya 30 zinazofanya kazi, zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi na kutangaza muda wao bila kumuuliza mtu chochote. Simu husikiliza angalau nne, ikapiga hesabu ya mahali ilipo. Siku hizi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, bure zote. Kinachokula bando ni picha ya ramani na taarifa za foleni. Ukiipakua ramani ya mkoa wako mapema, kwa Google Maps, OsmAnd au Organic Maps, simu itakuongoza hata mtandao ukikatika katikati ya Chalinze na Segera.

Usahihi ni habari nyingine. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, jeshi la Marekani lilikuwa likiichafua makusudi ishara ya raia, na kosa la mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Rais Clinton akaamuru uchafuzi huo uzimwe, na bila amri ile biashara yote ya kuitana kwa simu isingewezekana: mita 100 uswahilini ni mitaa mitatu. Kosa lililobaki leo ni la mita chache, lakini huongezeka katikati ya maghorofa ya Posta, ambako ishara hugonga vioo vya majengo kabla ya kuifikia simu, mshale ukaruka upande wa pili wa barabara. Sisi wa karibu na Ikweta tuna la ziada. Jua likizama, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huchafuka na kuzitikisa ishara za setilaiti kwa saa kadhaa, hasa karibu na Machi na Septemba, na zaidi katika miaka ambayo jua limechangamka. Simu zinazopokea masafa mawili, L1 na L5, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2018, hukabiliana na tatizo la maghorofa vizuri zaidi. Simu nyingi za bei nafuu hazina L5. Dereva anayejua hilo hatagombana na abiria saa moja usiku kwa sababu alama imekaa ng'ambo ya mtaro.

Na ramani yenyewe nani kaichora? Hapa tuna cha kujivunia, ingawa hatukisemi. Kibera ilikuwa karibu patupu kwenye ramani hadi vijana wa hapo hapo walipoanza kuichora mwaka 2009. Tandale ikafuata mwaka 2011, kisha mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ukawaingiza mitaani wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam na wakazi wa kata zinazofurika, wakachora vichochoro, mitaro na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaitumia bila kulipa. Lengo lilikuwa mafuriko, ila bodaboda nao wamefaidi. Mwaka 2022, kabla ya Sensa, Serikali ya Tanzania ikaendesha operesheni ya anwani za makazi, nguzo za majina ya mitaa zikasimamishwa na nyumba zikapewa namba. Namba ipo mlangoni, na bado mteja anamwelekeza dereva kwa mwembe uliokatwa zamani.

Sasa tufike kwenye kufunga, ambako ndiko kazi ilipo.

Holda inayouzwa kwa wingi ni ile inayobanwa chini ya nati ya saitimira. Ni rahisi kufunga, na ndiyo mbaya kuliko zote. Mkono wa kioo cha pembeni ni mrefu na mwembamba, kwa hiyo kila mtikisiko wa injini huongezeka unapofika juu. Pia humlazimisha dereva kugeuza macho pembeni. Afadhali ile inayokaba usukani wenyewe, karibu na katikati, pale unaposhikwa na fremu. Usukani wa pikipiki zetu nyingi ndogo una unene wa milimita 22 hivi, na kibano kizuri huja na raba za kujaza nafasi iliyobaki. Mkono wa holda uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Mkono mrefu hupendeza dukani tu.

Wakubwa wa kazi hii ni kampuni kama RAM Mounts ya Marekani, yenye kichwa cha duara kilichovikwa raba, na Quad Lock ya Australia, inayouza kizuia mtikisiko cha kuweka kati ya simu na usukani. Bei zao si za kijiweni. Ila siri yao haijafichwa: kibano cha chuma au alumini, kipande cha raba katikati, na bamba la kubebea simu. Vifaa vingi vya aina hii hufuata matundu manne yaliyopangwa kwa mstatili wa milimita 30 kwa 38, ndiyo maana kitako cha kampuni moja hukubali kichwa cha nyingine. Fundi wa Gerezani au wa Kamukunji anayetengeneza majiko na makarai ana uwezo wa kutoboa bamba la namna hiyo bila taabu. Sielewi kwa nini hadi leo hatuna holda ya bodaboda iliyotengenezwa hapa kwa maelfu.

Na nikiri kwamba ule mpira wa tyubu unaochekwa haukukosea kabisa. Mpira unanyonya mtikisiko kuliko plastiki ngumu, na simu iliyofungwa vizuri kwa tyubu hairuki kwenye tuta. Ubaya wake ni kwamba unafunika kioo, unabonyeza vitufe, na simu haichomoki haraka. Kwenye foleni ya Ubungo, simu isiyochomoka kwa sekunde moja ni simu inayongoja kukwapuliwa, kwa sababu mwizi habembelezi fundo, anavuta na kuondoka na kioo kimepasuka.

Kuna vitu vya kukagua kabla ya kumlipa fundi. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Waya wa klachi usikwame, simu isigonge tangi, honi isijibonyeze. Funguo iingie na kutoka bila kuondoa simu. Taa ya dashibodi isifichwe. Kaa kama unavyokaa barabarani, si kama unavyokaa kwa ajili ya picha ya mtandaoni, uangalie mbele, kisha shusha macho tu bila kushusha kidevu. Kama kidevu kimelazimika kushuka, simu imefungwa chini mno. Hesabu ya jambo hili haihitaji mtaalamu: kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukiitazama simu kwa sekunde mbili umepita mita 33 bila kuona, na daladala inahitaji mita chache mno kusimama mbele yako bila taarifa. Ndiyo maana vile vibegi vya kukaa juu ya tangi vyenye mfuko wa plastiki siviamini. Viko chini mno, na zaidi ya hapo mfuko wa nailoni juani huipika simu mpaka ijizime yenyewe. Apple hupendekeza simu zake zitumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Dar mwezi Februari tunakaribia hapo hata kivulini.

Mvua nayo ina hila zake. Kioo cha simu hakijui tofauti ya tone na kidole, kwa hiyo masika yakikolea ramani inajikuza, inajipunguza, na safari inaweza kufutwa na tone. Funga kioo, acha sauti iongee. Sumaku usizipende: holda ya sumaku huichanganya dira ya simu, mshale ukaanza kuzunguka kila ukisimama. Kuhusu simu ndani ya helmeti, sitalainisha maneno. Ni kuweka kitu kigumu kati ya taya na ganda lililotengenezwa kukulinda. Kifaa cha sikioni cha upande mmoja, sauti chini, kinatosha, na kinapunguza haja ya kutazama.

Umeme ndio unaowatia wengi hasara. Chaja ndogo za USB huunganishwa moja kwa moja na betri kwa sababu ndiyo njia ya haraka, na hapo chaja inaendelea kunywa umeme kidogo kidogo usiku kucha hata funguo ikiwa imetolewa. Betri za pikipiki hizi ni za ampea chache. Pikipiki ikilala siku kadhaa, asubuhi dereva anapiga kiki na kulaumu betri. Waya uchukuliwe baada ya swichi ya funguo, ili ukizima pikipiki na chaja izime, na fyuzi ndogo iwekwe karibu na betri, kwa sababu waya unaosuguliwa na fremu siku moja utachubuka. Simu inayochaji kwa volti 5 na ampea 2 inatumia wati 10, sawa na ampea moja hivi kutoka betri ya volti 12. Si mzigo mkubwa, ila waya mwembamba kama uzi usitumike. Waya wa chaja ufungwe karibu na simu, vinginevyo mtikisiko utalila tundu la simu ndani ya miezi michache.

Hayo yote fundi anaweza kuyafanya asubuhi moja, na ndiyo yanayonirudisha kwenye kile kiboksi cheusi. Waliokifunga wanajua kila kitu nilichoeleza hapa. Wanajua kwamba ishara ya setilaiti hupenya plastiki lakini si chuma, kwa hiyo wamekiweka chini ya siti na si chini ya bati. Wameweka fyuzi. Wamefunga nyaya zisisuguane. Pikipiki ikiwa mezani kwa saa nzima mikononi mwao, kuongeza waya wa chaja na kibano cha usukani kungechukua dakika chache, na gharama yake ndani ya mkopo wa miezi mingi isingeonekana. Hawafanyi, kwa sababu simu ya dereva ikianguka haimo kwenye vitabu vyao.

Kiboksi hicho kina mambo mawili yanayohitaji kusimamiwa. Kwanza, vingi vina uwezo wa kuzima injini kwa amri ya mbali, dawa ya anayechelewesha rejesho. Vilivyotengenezwa vizuri husubiri pikipiki isimame au mwendo ushuke sana. Mamlaka zisiache hilo liwe hiari ya fundi. Injini inayozimwa katikati ya barabara ya Mandela ikiwa na mama na mtoto nyuma si ukusanyaji wa deni. Pili, kumbukumbu ya mahali mtu alipopita mchana kutwa ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu 2019, Tanzania ilipitisha ya kwake 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Dereva ana haki ya kuambiwa nani anaiona safari yake, kwa muda gani, na itafutwa lini deni likiisha. Hiyo iandikwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili, si kwenye kurasa ambazo hakuna anayezisoma.

Kampuni za programu za usafiri nazo zisijifiche nyuma ya tangazo la "tafadhali usitumie simu ukiendesha." Ombi la safari linalolia na kuhesabu sekunde chache kabla ya kuhamia kwa dereva mwingine, likimkuta dereva yuko barabarani, ni amri ya kushika simu. Simu inajua mwendo wa pikipiki, GPS imo ndani yake. Basi programu ingoje isimame, au ikubali jibu la sauti, au impe dereva muda wa kufika pembeni. Hilo ni badiliko la upande wao, wala halihitaji holda.

Kwa hiyo wanaokopesha pikipiki waweke kibano cha usukani, kizuia mtikisiko na chaja yenye fyuzi kwenye orodha ile ile inayotaja kofia ngumu na kiboksi cha kufuatilia. Vyama vya bodaboda viidai orodha hiyo kabla ya kudai punguzo la rejesho. Na wewe abiria, weka alama mahali uliposimama kweli, andika namba ya nyumba, mwelekeze dereva kwa ujumbe kabla hajaondoka, kisha usimpigie tena kuuliza yuko wapi. Mkishaanza safari ukaona anaitazama simu kuliko barabara, mguse bega, mwambie asimame kwanza aisome ramani.